Dunia Iliyonyooshwa

Kumi na tano.

Jana kumi na tano, juzi kumi na tano. Napiga goti tena kwenye vumbi la uani shuleni, navuta utepe wa kupimia kutoka shina la fimbo hadi ncha ya kivuli, na kwa mara ya mia moja na saba, saa sita kamili mchana, kivuli kinanipa sentimita kumi na tano kuelekea kusini, bila kupungua hata unene wa uzi. Fimbo ina mita moja. Niliichomeka mwenyewe na kuipima wima wake kwa timazi, kwa hiyo siwezi kuilaumu. Naandika kwenye daftari: 15. Pale pa tarehe kalamu inasita. Watu wa nchi hii wanaendelea kubandua karatasi za kalenda, wameshafika mwezi wa kwanza, lakini mimi najua kwamba huko juu, kati ya dunia na jua, bado ni Septemba ishirini na tatu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi mara tatu kuutikisa. Nikichemsha maji nayasimamia, kana kwamba nikigeuka yataghairi. Ninafundisha jiografia, na wanafunzi wananiita Mwalimu Tetemeko wakidhani silijui jina hilo. Jina nililopewa ni Ambakisye, ingawa siku hizi mama yangu, Sekela, ananiita kwa jina la marehemu baba na mimi naitika tu. Ukiitwa jina la mtu mwingine kila siku, katika siku ambayo ni ileile, mwishowe unaanza kukohoa kama yeye.

Kosa ni langu. Naomba niliseme mapema, kabla sijapata ujanja wa kulizungushazungusha.

Ilikuja habari kwamba Mgeni anakuja shuleni kwetu. Katika nchi hii Mgeni hatajwi kwa jina, unasema Mgeni tu na kila aliyeketi anajiweka sawa kwenye kiti. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa hadi kiunoni, mbuzi wa mpishi akaponea chupuchupu. Kisha mkuu wa shule, Bwana Kalinga, akatoa karatasi yenye kichwa cha habari Orodha ya Vitu Vilivyoinama. Mlingoti wa bendera. Mlango wa stoo. Ubao wa Kidato cha Pili. Mpishi wetu ana kibiongo, na yeye aliandikwa pia, akaambiwa apumzike nyumbani siku hiyo. Namba saba iliandikwa neno moja: Dunia.

Dunia ya shule yetu ni tufe kubwa la mabati ya mapipa, lilichomelewa na walimu waliotutangulia miaka arobaini iliyopita, likapakwa bahari za buluu na mabara ya kahawia. Linakaa juu ya bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege, juu zaidi ya kichwa cha mtu mrefu. Lilikuwa limeinama. Waliolijenga waliliinamisha kwa makusudi, nyuzi ishirini na tatu na nusu, kama dunia yenyewe ilivyoinama katika safari yake ya kulizunguka jua.

Fundi Asajile, mchomeleaji wa mjini, akaja na mtungi wake wa gesi. Akalizunguka tufe mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii dunia yenu, Mwalimu, nani aliigonga?"

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Nimeifundisha miaka kumi na tisa, naweza kuisema nikiwa nimelala: majira ya mwaka yanatokana na kuinama kwa mhimili wa dunia. Dunia ingesimama wima, kila siku ingekuwa sawa na jana yake, jua lingepita njia ileile, mvua zisingejua pa kwenda. Sentensi ilifika hadi kwenye meno. Nikaona dirisha la Bwana Kalinga limefunguka na kichwa chake kimechungulia.

"Kazi kwako, fundi," nikasema.

Akapasha bomba moto, vijana wakavuta kamba, dunia ikanyooka. Nikaletewa karatasi. Palikuwa na nafasi ya mwalimu wa somo husika kuthibitisha. Nikasaini.

Mgeni alikaa dakika kumi. Akaweka kiganja juu ya Bahari ya Atlantiki, akapigwa picha, akasema, "Hii ndiyo dunia tunayoitaka. Imesimama." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko jirani zangu, maana mwoga hujitangaza kwa viganja. Ilikuwa Septemba ishirini na tatu, siku ambayo mchana na usiku hulingana, na tangu hapo vimelingana kila siku.

Sasa niieleze Siku ya Utosi, maana bila hiyo hakuna atakayejua ninachokiogopa.

Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya utosi wetu sawasawa. Saa sita mchana fimbo haina kivuli, nyumba haina kivuli, na mtu akitazama miguuni pake hajioni. Mara ya kwanza huwa wiki tatu hivi baada ya hiyo Septemba ishirini na tatu, na siku hiyo nchi nzima hutoka nje. Wagonjwa hubebwa, huketishwa uani kati ya watu wao. Anayeondoka huondoka hapo, mchana kweupe, akishikwa mkono. Asiyeondoka hunyweshwa uji, hurudishwa ndani. Kesho yake watu huchukua majembe, mbegu huingia ardhini, na mvua hufuata jua lilikopita. Hakuna anayepanda kabla ya Siku ya Utosi. Hata mlevi hapandi.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Nesi alinivuta pembeni ya mlango, akasema, "Mwalimu, mjiandae. Siku ya Utosi hii hatavuka." Mama alisikia, masikio yake hayakuwahi kuugua. Akasema kutoka ndani, "Mwambie asante, nilishajihesabia mwenyewe."

Wiki tatu zikapita baada ya Mgeni kuondoka. Kivuli kilikuwa kumi na tano. Watu walitoka nje saa sita, wakatazama miguuni, wakajiona, wakarudi ndani wakisema labda kesho.

Mwanzoni nilishikwa na hofu ya mtu aliyevunja kitu cha watu. Nilitembea nikitazama chini. Halafu Jumapili moja nikachukua wembe nimkate mama kucha, kama nilivyozoea kufanya kila wiki mbili, nikakuta hakuna cha kukata. Nikavishika vidole vyake kimoja kimoja. Nikarudia. Kucha zilikuwa palepale nilipoziacha mara ya mwisho. Katika darasa la Kidato cha Tatu huwa nawaambia kwamba mabara husogea kwa kasi ya kucha kukua, taratibu kiasi kwamba babu na mjukuu huona pwani ileile, na wanafunzi hutazama vidole vyao na kucheka. Nami nilitazama vidole vya mama, na sikucheka. Nikamhesabia pumzi kwa saa yangu ya mkononi. Ishirini na mbili kwa dakika. Kesho yake ishirini na mbili. Nikapima uvimbe kwa utepe uleule wa kivuli. Haukuongezeka.

Ndipo nikaelewa jinsi mambo yalivyogawanyika. Kazi za siku ziliendelea: njaa, kiu, kufua, kuchoka. Kazi za mwaka zilikuwa zimesimama: jani, mvua, urefu wa mtoto, ukucha, ugonjwa wa mama yangu. Siku ya Utosi isingefika, na yeye asingeondoka.

Nilifurahi. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilitoka nyuma ya jiko, nikajifunika uso kwa shati, nikacheka hadi mbavu zikauma. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena mtu aliyevunja kitu, nikawa mlinzi wake. Nilikuwa wa kwanza kufika shuleni na wa mwisho kuondoka, nikilizunguka tufe, nikiligusa bomba kuona kama limelegea. Saa sita napima. Kumi na tano, na moyo unatulia. Baada ya dakika chache unaanza upya.

Mwanga wa jua hutumia dakika nane na ushei kutufikia. Jua tunaloliona ni lile la dakika nane zilizopita, na kama huko limeghairi sisi tunaendelea kuanika nguo. Nilikuwa naketi kando ya kitanda cha mama nikihesabu dakika nane, zikiisha nahesabu nane nyingine. Kila kilicho mbele ya macho kimeshapita kidogo. Hata uso wa mama, hatua moja kutoka kwangu, ulinifikia ukiwa umeshachelewa, na mimi nikajiuliza ni nani hasa ninayemshika mkono. Mgeni alitaka dunia isimame apigiwe makofi. Mimi nilitaka isimame nisiachwe. Nilitafuta tofauti kati yetu, nikaikuta ndogo, nikaacha kuitafuta.

Katika Kidato cha Pili mada ilikuwa majira ya mwaka. Niliita majina. Nikafika katikati ya orodha nikaita, "Ambakisye," na sauti ikaitika, "Nipo," na ilikuwa yangu. Hapo nikajikuta nimeketi dawati la nyuma, nina kalamu ya risasi mkononi, namtazama mwalimu mmoja mwenye chaki kidevuni anayeogopa darasa lake mwenyewe. Nilimwonea huruma. Nilitaka kujua atasema nini.

Tusajigwe alinyoosha mkono. Ni binti mrefu wa dawati la mbele, anaandika kwa mkono wa kushoto na hana haraka na jambo lolote.

"Samahani, Mwalimu. Kitabu kinasema mhimili wa dunia umeinama nyuzi ishirini na tatu na nusu. Dunia ya uani imenyooka. Nani amekosea?"

"Kitabu ni cha zamani," mwalimu akasema.

"Kwa hiyo tufute?"

"Futeni."

Vifutio thelathini na tisa vikaanza kukwaruza. Nimesikia radi, nimesikia mawe yakiporomoka mlimani, lakini sauti hiyo ndiyo niliyoiogopa zaidi. Nilipozinduka nilikuwa mbele tena, chaki mkononi, na Tusajigwe peke yake hakuwa anafuta.

"Wewe vipi?"

"Nyumbani tumekula mbegu, Mwalimu."

"Mbegu gani?"

"Za kupanda. Mama amesubiri Siku ya Utosi mpaka akiba ya unga imeisha. Akaanza kuchota za mbegu. Kidogokidogo. Jana alikwangua chini ya debe kwa kijiko." Akasema hivyo bila kulia, kama anayejibu swali la mtihani. "Nilitaka tu kujua nani amekosea."

"Kaa chini," nikamwambia. Akakaa. Wengine walikuwa wakinitazama na nikaona jinsi mashavu yao yalivyobonyea, jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakilikwepa kwa wiki nyingi. Kengele ilipolia sikuweza kutoka nje hadi wote walipoondoka.

Alasiri hiyo mama alikuwa ameegemea mito, anatazama mninga wa jirani kupitia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa. Leo simtaki baba yako, leo namtaka Ambakisye."

"Nipo, mama."

"Siku ya Utosi imepita?"

"Bado kidogo."

"Hiyo bado kidogo ni ya ngapi sasa?" Akaelekeza kidevu dirishani. "Ule mninga vichipukizi vyake vimefumba tangu nilipoanza kulala hapa. Hautoi ua, hautoi jani. Na kucha zangu hujazikata, nami nakujua wewe, kucha za watu zinakukosesha usingizi. Nini kimetokea huko nje?"

"Hakuna kitu, mama."

"Ambakisye."

Nikamweleza yote. Orodha, fundi, dirisha la Bwana Kalinga, saini, makofi yangu. Nikamweleza kivuli cha sentimita kumi na tano na furaha yangu nyuma ya jiko. Nikamweleza Tusajigwe na kijiko kilichokwangua debe. Aliposikia hilo la kijiko alifumba macho.

"Maumivu yangu huja saa nne asubuhi," akasema. "Unayajua, si ndiyo? Unakuwa shuleni. Huja saa nne, hukaa hadi saa sita kasoro, huondoka. Ugonjwa una njia yake, mwanangu. Unapanda, unafika juu, unakwisha, ama wewe unakwisha. Huu wangu haupandi wala haushuki. Kila siku saa nne ni uleule, mahali palepale. Siku moja ya maumivu naiweza. Hii moja, kila siku, imenishinda."

"Lakini uko hai, mama."

"Nipo. Kama picha ilivyopo ukutani." Akacheka kidogo, akashika ubavu. "Unakumbuka ulivyomficha baba yako kiatu kimoja asisafiri? Ulikuwa na miaka sita. Ulikilalia."

"Nakumbuka."

"Akaenda na kandambili. Hakuna mtu aliyewahi kubaki kwa ajili ya kiatu, Ambakisye. Na wewe ukalala na kile kiatu mwezi mzima, miguu ya watu wote humu ndani ikawa inakutia wasiwasi." Akaushika mkono wangu, kucha zake fupi kwenye kiganja changu. "Chini ya kitanda kuna debe. Mbegu zangu. Nilijua nitaondoka kabla ya kupanda lakini sikutaka mtu azile. Mpelekee yule binti. Halafu kairudishe dunia ya watu jinsi ilivyokuwa."

"Siwezi."

"Najua. Fanya hivyohivyo ukiwa huwezi."

Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kalinga. Aliketi chini ya picha ya Mgeni akiigusa dunia.

"Mwalimu Ambakisye, Mgeni alisema imesimama. Unataka nimwandikie nini? Kwamba imelala?"

"Watu wana njaa, Mkuu."

"Njaa haimo kwenye orodha."

Alisimama kunifungulia mlango, nikaona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, mbali na yale ya kiwandani. Na yeye aliona kwamba nimeona. Akafunga mlango taratibu.

Nikaenda kwa Fundi Asajile. "Ulinipa karatasi ya kunyoosha," akasema. "Nipe ya kuinamisha."

"Sina."

"Basi sina gesi."

Nikachukua kamba ya stoo nikaenda uani peke yangu. Ilikuwa saa tano, jua linapanda njia yake ileile. Nikaifunga kamba kwenye ncha ya kaskazini, nikarudi nyuma, nikaishika kwa mikono miwili, na hapo nikagundua jambo moja. Sikukumbuka lilikuwa limeinamia upande gani.

Miaka kumi na tisa! Nilikuwa nimelipita kila siku. Naijua idadi ya nyuzi, najua nusu yake na robo yake, lakini upande sikuujua. Nikiliinamisha kinyume, kusini yetu italipa jua kisogo, jua litakwenda kaskazini na mvua itakwenda nalo, na wale watoto watakuwa wamekula mbegu zao bure. Nikalizunguka tufe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Picha za zamani zilishaondolewa kwa agizo. Waliolijenga wamekufa. Kidato cha Pili wakatoka darasani wakasimama mbali, na nikasikia mmoja akinong'ona, "Tetemeko ameshikwa na pepo."

Tusajigwe akaja hadi karibu.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Upande," nikasema. "Nimesahau upande."

Hakunicheka. Alitazama chini, akatembea hatua tatu kutoka kwenye bomba, akasukuma vumbi kwa kidole cha mguu.

"Si hapa? Kishimo."

Nikapiga magoti. Chini ya vumbi na chokaa ya Mgeni kulikuwa na kishimo kidogo, kinatosha ngumi ya mtoto, kuta zake laini, changarawe safi imebaki chini yake. Miaka arobaini ya mvua ilikuwa imelitiririkia tufe, ikakusanyika kwenye tumbo lake na kudondoka mahali pamoja. Tone kwa tone limechimba ardhi, jambo ambalo ndilo somo la tatu la muhula wa kwanza, mmomonyoko, nalo nalifundisha nikiwa nimegeukia ubao.

"Tulikuwa tunanawia mikono hapa mvua ikinyesha," Tusajigwe akasema. "Tumbo la dunia lilikuwa juu ya kishimo. Sasa limehama."

Nikamwangalia binti huyo na aibu ikanipanda. "Kitabu hakijakosea," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi ndiye niliyekosea. Mliofuta, andikeni upya."

Wakaja wote arobaini kwenye kamba. Tulivuta, bomba likagoma. Tukavuta tena. Ndipo mtungi wa gesi ukasikika ukiburutwa kwenye changarawe.

"Nimekuja kuangalia tu," Fundi Asajile akasema, akawasha moto.

Bomba likageuka jekundu. Bwana Kalinga alitoka ofisini, akasimama kwenye ngazi. "Nani ametoa ruhusa?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyesaini kunyoosha na mimi ndiye ninayesaini kuinamisha. Alibaki pale na kalamu yake, hakushuka, hakurudi.

Nilikuwa wa kwanza kwenye kamba. Ilikata viganja. Kila tulipovuta, tufe lilitoa mlio, na kwa kila mlio niliiona njia nzima mbele yangu: jua likishuka kusini, kivuli kikifupika, mama akibebwa nje. Nilikuwa ninamvuta mama yangu. Nililia waziwazi mbele ya wanafunzi na sikuacha kuvuta.

"Simameni," Tusajigwe akasema. Akapanda ngazi ya mbao na ndoo ya maji yaliyobaki jikoni, akayamwaga juu ya Aktiki. Yakateremka kwenye mabara, yakakusanyika tumboni, yakadondoka. Shubiri moja kutoka kwenye kishimo. Tukavuta. Akamwaga. Vidole vinne. Tukavuta. Akamwaga maji ya mwisho, tukainama wote kutazama, na tone likaanguka katikati ya kishimo, likatoa sauti ndogo.

Fundi akazima moto. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake saa sita nilipima. Kumi na nne na milimita tatu. Nilipima tena, nikaandika, nikaandika na tarehe. Septemba ishirini na nne.

Barua ya kuachishwa kazi ilinifikia kabla ya wiki kwisha, ina saini ya Bwana Kalinga iliyopinda kidogo. Nilishukuru, ilinipa mchana wote wa kukaa nyumbani. Nilihamisha fimbo nikaichomeka uani kwetu, mahali mama anapoweza kuiona kutoka kitandani. Kila siku aliuliza na kila siku nilimwambia ukweli. Kumi na mbili. Tisa na nusu. Mninga ulipasuka maua ya manjano, siku tatu baadaye yakawa yameanguka yote na majani yameanza. Nilimkata kucha mara mbili. Pumzi zilikwenda ishirini na sita, zikafika thelathini, nikaacha kuzihesabu. Maumivu ya saa nne yalipanda hadi juu kabisa, kisha siku ya kumi na nane hayakuja. "Umeona?" akasema. "Yalikuwa na safari." Sita. Tatu. Moja. Niliogopa kila namba na nikaisema kila namba.

Siku ya Utosi nilimbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshatandika mkeka karibu na fimbo, Fundi Asajile alikuwepo na kofia mkononi, Tusajigwe alikuja na mama yake, wamebeba majembe ya kesho na lile debe la mbegu nililowapelekea. Mama aliniegemea begani, kichwa chake kikalala upande wa kushoto, kwenye shingo yangu. Nilitaka kumweka sawa.

"Niache hivihivi," akasema. "Kimebaki kiasi gani?"

"Kama unene wa uzi, mama."

"Na wewe unatetemeka."

"Ndiyo."

"Haya," akasema, na akaushika mkono wangu.

Kivuli cha fimbo kikaingia kwenye fimbo. Nikatazama miguuni petu, hatukuwepo. Uani pote watu walikuwa wamesimama katika mwanga bila doa lolote chini yao. Mkono wake ulinishika, kisha ukawa mkono ninaoushika mimi.

Wanawake wakasogea, kama ilivyo desturi, kumnyoosha kabla hajakauka. Mmoja akaweka kiganja chini ya shingo yake.

"Subirini kidogo," nikawaambia. Wakasubiri. Alikuwa bado ameniinamia, uzito wake wote upande wangu wa kushoto, nami sikusogea. Nilitazama shina la fimbo, nikahesabu, dakika moja, dakika mbili, hadi upande wa mashariki kikatokea kivuli chembamba kama ukucha.

"Sasa," nikasema. "Mnyoosheni."